Nani Amepiga Tumbo?

Kakenya alisikia teke kabla hajasikia kilio. Lilikuwa na kishindo kizito na kifupi, kama gunia la unga likitupwa chini kutoka kwenye lori, na lilitoka katika nyumba ya mkwewe Namelok, ng'ambo ya zizi la ndama. Kisha kikaja kilio. Kisha sauti ya mwanawe Tobiko: "Sema tena! Sema wamekuchoma wapi!"

Alijitupia shuka begani akatoka. Ukungu wa kijiji chao, Nainokanoka, ulikuwa bado umelalia mapaa, na samadi ilikuwa inafuka moshi kwa baridi. Alipoinama kuingia, alimkuta Namelok amejikunja kando ya mafiga, mikono imekumbatia tumbo. Tobiko alikuwa amesimama juu yake, katambuga zake zimejaa matope.

"Toka," Kakenya alisema.

"Yeyo," Tobiko alimwambia mama yake, "hujui alichofanya huyu."

"Nimesema toka. Baba yako hakuinua mguu juu ya mwanamke katika boma hili hata siku moja."

Alitoka, lakini alitoka akitukana.

Kakenya hakuwa mtu wa kupayukiwa. Alikuwa binti wa kwanza wa ukoo wao kumaliza kidato cha nne, enzi ambapo wazee waliona shule ni njia ya kumpoteza binti pamoja na ng'ombe wa mahari yake. Alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na wengi waliokuwa wanajiita wazee wa kijiji walijifunza kuandika majina yao mbele ya chaki yake. Mumewe Lembris alipofariki, shemeji zake walikuja kugawana boma. Aliwachemshia chai, akawasikiliza mpaka mwisho, akawaambia hapana, nao wakaondoka. Boma likaendelea kuitwa boma la Lembris. Jina hilo alililinda kama mtu anavyolinda mtamba wake wa pekee: ugomvi wa kwake haukuvuka lango, kijana wake hakuonekana amelewa mnadani Karatu, na mkwe wake hakusemwa kisimani.

Ndiyo maana Naisula, mhudumu wa afya wa kijiji, alipopita boma kwa boma akitangaza kwamba wauguzi wanakuja zahanati kupima wanawake saratani ya mlango wa kizazi, Kakenya alimjibu kwa upole wa juu juu: "Ni jambo jema, kwa wanaolihitaji. Wanawake wa boma la Lembris hawapangi foleni kwenda kuvuliwa nguo."

Naisula, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, aliinamisha macho. "Sawa, Mwalimu." Akapita. Namelok alikuwa nyuma ya vibuyu vya maziwa, anasikiliza.

Sasa, katika moshi wa nyumba ile, Namelok alisema yote, kila neno likikatwa na maumivu. Alikwenda siku wauguzi walipofika, akijifanya anateka maji. Alimfunga punda nyuma ya zahanati akaingia. Muuguzi alimpaka siki kwenye mlango wa kizazi, na sehemu moja ikageuka nyeupe.

"Akasema si saratani, Yeyo. Ni mbegu yake. Ikiachwa miaka ndiyo inaota. Wakaigusa na kachuma ka moto, muda mfupi tu, ikaisha. Wakasema nisilale na mume wiki sita, mpaka pakauke."

Alikuwa amejificha nyuma ya visingizio, leo kichwa, kesho ndama mgonjwa, mpaka visingizio vikaisha. Alfajiri hiyo akamwambia mumewe ukweli. Katika maneno yote hayo Tobiko alisikia neno moja: moto.

"Damu hii imeanza lini?" Kakenya aliuliza, maana ilikuwa imeanza kulowesha kitenge.

"Sasa hivi. Baada ya teke."

Kakenya alimlaza, akamfunika, akamweka jirani mmoja ampe maziwa ya moto. Alipotoka kutafuta gari, Tobiko alikuwa hayupo. Alikuwa amepita boma baada ya boma akipiga kelele kwamba Naisula amempeleka mke wake akachomwe kizazi, na kwamba nyumba yake haitalia mtoto tena.

Kuna jambo moja ambalo wanaume wa Kimaasai, hata walioua simba, hawalichezei. Mwanamume akikivunjia kizazi heshima, akampiga mjamzito kwa mfano, wanawake wa eneo zima huacha maziwa jikoni, hushika fimbo na kumwendea. Humpiga. Humchinjia ng'ombe wake aliye bora kuliko wote. Rika lake halimtetei, kwa maana anayewainulia mkono wanawake hao anajiombea utasa. Basi maneno ya Tobiko yalikuwa moto kwenye nyasi kavu. Kizazi kimeguswa! Saa nne ilipofika, wanawake walikuwa wamejaa kwenye birika la kunyweshea mifugo, na fimbo zilikuwa mbichi, zimekatwa muda huohuo.

Walikuwa wamekwisha kumburuta Naisula kutoka nyumbani kwake. Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, shanga za shingoni zimekatika, mdomo wa chini umepasuka. Mama Simel, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe bondeni, alikuwa amemshika nywele.

"Sema ulilipwa nini!" alikuwa anafoka. "Sema! Tukimaliza na wewe tunakwenda kuvunja kile kitanda chenu cha zahanati!"

"Mama Simel, nisikilize..."

Fimbo ilitua mgongoni. Naisula hakumaliza.

Tobiko alimwahi mama yake, aliyekuwa bado anatafuta gari, kabla hajaufikia umati. Alimshika kiwiko, akanong'ona kama alivyokuwa akinong'ona utotoni akivunja kitu. "Yeyo, watakuuliza wewe. Wote wanakuamini. Sema wamemchoma, basi. Hata usiseme. Ukinyamaza tu inatosha."

"Na nikisema ulivyompiga?"

"Watakuja kwetu. Watamuua lile dume jeusi la Baba. Watatutungia wimbo, Yeyo. Jina la Baba litaimbwa mpaka Endulen, na kila mnada. Unataka hivyo?"

Hakutaka. Mungu alijua hakutaka. Kunyamaza kulikuwa rahisi; alikuwa amelilinda jina lile kwa kunyamaza miaka mingi, na mdomo wake ulijua namna. Alimtazama Naisula kwenye tope. Akakumbuka mkono mdogo uliokuwa ukiinuliwa darasani kabla swali halijaisha. Akamkumbuka pia Nasieku, mke mwenzake, aliyekufa kwenye nyumba ya mwisho ya boma, ananuka mpaka ndama wakakwepa mlango wake.

"Mwalimu amefika!" mtu alisema. Fimbo zikashuka kidogo.

"Mwalimu," Mama Simel aliita, hajaachia nywele, "aliyechomwa ni mkweo. Toa neno, tumalize kazi."

Kakenya alijikomboa kwenye mkono wa mwanawe akaingia katikati.

"Mnamkumbuka Nasieku?"

Walimkumbuka. Nusu yao walimwosha.

"Nani alimchoma Nasieku?"

"Hakuna aliyemchoma," mwanamke mmoja alijibu. "Aliugua."

"Hakuna aliyemchoma. Hakuna aliyemgusa! Hakuna muuguzi aliyemtazama, hakuna aliyempaka siki. Alikuwa mzima, hajaguswa, na akaoza mzima akiwa hai. Alivuja damu mwaka mzima akificha matambara chini ya kitanda, kwa sababu aliona haya. Ugonjwa ule ule ulikuwa umeanza kwa Namelok. Ulikuwa mdogo kama punje. Naisula amewasaidia wauguzi wakautoa. Ninyi mnampiga."

"Lakini anavuja damu!" Mama Simel alisema. "Tobiko ameapa!"

"Anavuja." Kakenya alimgeukia Tobiko. "Anavuja tangu alfajiri hii, kwa sababu alipigwa teke la tumbo. Mimi nilisikia teke lenyewe. Mnatafuta aliyepiga tumbo? Nitawapeleka. Ni kwangu."

Mama Simel aliachia zile nywele taratibu, kama mtu anayegundua ameshika nyoka.

Kakenya aliokota fimbo iliyokuwa imeangukia tope. Mbele yake Tobiko alirudi nyuma hatua kwa hatua, anatikisa kichwa, kisha akageuka akakimbia. Wanawake walipaza sauti moja, ile sauti ambayo wanaume wakiisikia huangalia pembeni, wakamfuata.

Walimpata ndani ya lango la boma. Vijana wa rika lake walikuwa wamesimama pale. Mmoja wao alifunika uso kwa shuka, wengine wakafungua njia. Kakenya ndiye aliyetangulia. Alimpiga mwanawe begani, kwa nguvu zote za mkono wa mwalimu, akasikia pigo hilo likimrudi mpaka kwenye meno. Baada ya hapo hakuhitajika. Tobiko alianguka kifudifudi, na fimbo zikamwangukia kama mvua ya mawe: mgongoni, mapajani, kwenye mkono alioinua kujikinga. Mama Simel ndiye aliyeupiga mkono ule, na wote walisikia mfupa ukilia. Tobiko aliita "Yeyo!" mara moja. Kakenya alisimama palepale. Hakumsogelea na hakugeuza uso.

Dume jeusi lilitolewa zizini. Wanawake kumi walililaza, wakalikaba pua na mdomo mpaka macho yakageuka, wakalichuna hapohapo mbele ya mlango wa marehemu Lembris. Ilikuwa fahari ya boma. Damu yake iliingia kwenye samadi, mbwa wakagombana.

"Basi," Kakenya alisema mwisho, sauti imempasuka. "Mmekula chenu. Sasa nibebeeni mkwe wangu."

Walewale waliokuwa na fimbo walimbeba Namelok kwa shuka mpaka barabarani, wakalisimamisha lori la unga lililokuwa linarudi Karatu tupu. Naisula alipanda naye, mdomo umevimba, anamshikilia kichwa kila gurudumu lilipoingia shimoni. Namelok alilazwa hospitali. Damu ilikatika. Madaktari walisema teke lingeshuka kidogo tu, yangekuwa mengine.

Wimbo ulitungwa, kama Tobiko alivyosema. Uliimbwa kisimani na mnadani, na jina la Lembris lilikuwemo, na jina la mwanamke aliyemwanza mwanawe kwa fimbo. Tobiko, mkono umefungwa plasta, hakumsemesha mama yake. Kakenya aliusikia wimbo ule mara nyingi akipita. Aliinua kidevu, akapita.

Wauguzi waliporudi zahanati, ukungu ulikuwa umeondoka, na foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya chanjo. Kakenya alikuwa wa kwanza. Alikuwa anaogopa. Mwanamke aliyekeketwa utotoni anaogopa kitanda kile mara mbili, kwa maana mwili unakumbuka. Muuguzi alichagua chombo kidogo kuliko vyote, akamwambia avute pumzi, akamsubiri. Chuma kilikuwa baridi. Kilimbana, siki ikamwasha kidogo kama mkojo kwenye mchubuko, na kabla hajamaliza sala aliyoianza, akaambiwa avae. Hakuonekana na kitu.

Alitoka akaketi kwenye benchi. Namelok alikuwa kivulini na Naisula, wanatunga upya shanga zilizokatika. Tobiko ndiye aliyemleta mkewe. Alikuwa amesimama nje ya uzio na punda, mkono kwenye plasta, anatazama milima.

Zamu ya Mama Simel ilifika. Aliitwa, hakuinuka. Aliitwa tena. Yule mwanamke mpana alikuwa ameshika ubao wa benchi kwa mikono miwili.

"Mama Simel," Kakenya alisema, kwa sauti ya kusikika foleni nzima, "wewe uliyemvunja mwanangu mkono, unaogopa siki?"

"Mwanao nilimpiga akiwa kifudifudi, Mwalimu! Mimi naambiwa nilale chali!"

Foleni iliangua kicheko. Hata Namelok alicheka, mkono tumboni. Mama Simel hakucheka. Machozi yalikuwa yamemjaa.

"Mimi pia natoka damu," alisema chini chini, ili Kakenya peke yake asikie. "Tangu mavuno. Sijamwambia mtu."

Kakenya aliinuka, akamnyooshea mkono. Mama Simel aliuangalia kana kwamba haamini, akatoa wa kwake, wa kulia, uliokuwa umeshika fimbo. Kakenya aliushika mkono huohuo, akaubana, akaingia nao ndani.