Kijani cha Madirisha ya Bweni

Mwaka niliomaliza darasa la saba, nyumba yetu ya Mji Mpya, Morogoro, ilinuka rangi ya mafuta. Harufu ile iliingia na baba kila jioni, ikatangulia salamu yake mlangoni, ikakaa kwenye mapazia na kwenye mkeka, mpaka ugali ukawa kama umesongwa ndani ya kopo la rangi. Baba alinawa kwa mafuta ya taa, kisha kwa sabuni ya kipande, kisha kwa majivu, na bado pembeni mwa kucha zake kulibaki ukingo mwembamba wa kijani. Nilikuwa na miaka kumi na minne na uso mwepesi wa kuona haya. Wakati wa kula nilikaa mbali naye, nikijifanya namsaidia mama kupakua mboga.

Zamani baba hakunuka hivyo. Kwa miaka mingi alikuwa fundi wa idara ya rangi katika kiwanda cha nguo, akitoka asubuhi na ovaroli ya bluu na kitambulisho kifuani, na mtaa mzima ulipanga siku yake kwa king'ora cha kiwanda. Halafu ikaja miaka ya ruksa, bidhaa za nje zilipofunguliwa mlango. Marobota ya mitumba yakafunguliwa sokoni, kila mtu akavaa kafa Ulaya na kujiona amependeza, na vitenge vilivyotiwa rangi na mikono ya baba vikalala ghalani. King'ora kikaanza kulia siku moja moja, kisha kikanyamaza kabisa. Baba akapunguzwa kazi pamoja na nusu ya majirani zetu. Alirudi ovaroli ikiwa imekunjwa kwapani, akaomba maji ya kunywa, akakaa barazani. Wiki chache baadaye akaanza kuondoka alfajiri na brashi mbili, akisema amepata kibarua cha kupaka rangi upande wa barabara ya Dar es Salaam. Hakusema ni kwa nani. Nami sikuuliza, kwa kuwa nilidhani ninayoyajua yanatosha: fundi amekuwa kibarua, na sababu ni sisi watoto.

Matokeo yalipotoka nilikuwa nimefaulu, lakini waliofaulu walikuwa wengi na nafasi za shule za serikali zilikuwa haba, na jina langu halikuwemo kwenye karatasi iliyobandikwa. Zikabaki shule mbili za bweni. Moja ilikuwa ya masista, huko juu milimani upande wa Matombo, ya zamani, yenye kengele, bustani na baridi. Nyingine ilikuwa mpya kabisa, pembezoni mwa mji, ya mfanyabiashara mmoja aliyenunua ghala lililoachwa na kuligeuza madarasa. Hii ya pili ilisemwa sana mtaani. Walisema wanafunzi wake wataongea Kiingereza hata wakiwa wanafua, na kwamba wana maabara yenye mabomba ya maji ndani. Nilipita pale mara moja nikiwa ndani ya gari, nikaona mafundi juu ya ngazi, na moyo wangu ukabaki pale. Niliitaka ile shule kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na sikumwambia mtu.

Lakini kwetu jambo la mtoto halikuamuliwa na wazazi peke yao. Mama alikuwa Mluguru wa Matombo, na kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, lukolo, na msemaji wa ukoo ni mjomba. Baba alikuwa Mnyaturu wa Singida, na huko kwao mtoto ni wa baba, kama ng'ombe alivyo wa zizi lake. Alikuwa ameishi Morogoro miaka kumi na mitano na alijua desturi ya wakwe zake, ila nadhani aliijua kama mtu anavyoijua njia ya jirani: anaweza kuipita, lakini hafikirii kwamba ni yake. Mama ndiye aliyesisitiza kwamba hakuna shule itakayosemwa kuwa imechaguliwa kabla Mjomba Kobelo, kaka yake mkubwa, hajaulizwa.

Tulipanda mlimani mwezi Desemba, kwenye lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu. Baada ya Kiroka barabara ilikuwa tope na mawe, na mara mbili wanaume walishuka kusukuma. Kwa bibi kulinuka moshi, iliki iliyoanikwa na ndizi zilizokuwa zikiivishwa. Baba aliwasalimia wakubwa wote kwa unyenyekevu, akatoa sukari, majani ya chai na khanga ya bibi, kisha akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, mahali pa mkwe. Nakumbuka alikuwa amevaa shati lake la harusi. Hata hivyo ile harufu ya rangi ilikuwa imekuja naye, na nikaomba Mungu wengine wasiisikie.

Mjomba Kobelo hakuwa mtu mkali. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya chini, mkulima ambaye migomba yake ilishuka hadi mtoni. Alimwacha baba aseme kwanza. Baba akasema kwa kifupi kwamba shule ya mjini ni nzuri, kwamba dunia inabadilika, na kwamba angependa mwanawe asome pale.

"Kwa uwezo gani, shemeji?" mjomba akamuuliza, bila dharau. "Kiwanda si kimefungwa?"

Baba akafungua mdomo, akamtazama mama, mama akatazama chini. "Nitajitahidi," akasema.

Mjomba akatikisa kichwa taratibu. Alisema masista wanapokea ndizi na maharage badala ya ada, na ndizi yeye anazo. Alisema mtoto wa kiume hata ukimpeleka mbali si neno, lakini wa kike ndiye shina la lukolo; mashamba yale yote siku moja atayasimamia yeye na wanawe, basi si vizuri asome mahali ambapo hataiona migomba hata kwa macho. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alinigeukia.

"Kichwa kinachokwenda kusoma ni chake," alisema. "Fidea, mpwa wangu, tuambie mwenyewe. Shule ipi?"

Nilikuwa na jibu tayari, limenijaa kinywani. Nikamtazama baba. Alikuwa ameinama mbele kidogo, mikono juu ya magoti, na nikaona zile kucha. Nikamwona akipanda ngazi za watu kila alfajiri, mwaka baada ya mwaka, ili mimi niongee Kiingereza nikifua. Nikasema moyoni kwamba nitamtua mzigo huo, na kwamba siku moja atanishukuru. Hivyo nikajibu kama mtoto mwenye adabu anavyotakiwa kujibu katika nyumba ile.

"Nitakwenda anakosema mjomba."

Bibi aliguna kwa kuridhika. Baba aliitazama mikono yake kwa muda, akaigeuza viganja juu. "Amesema," akaitikia. Kesho yake tuliposhuka alibeba mkungu wa ndizi begani hadi barabarani, na njia nzima alinisemesha mara moja tu, kuniuliza kama nahisi baridi. Nilidhani amechoka.

Niliripoti kwa masista mwezi Januari. Niseme kweli, ilikuwa shule nzuri, na yote niliyonayo leo yalianzia kwenye madawati yale. Likizo ya Juni nikarudi, na Jumapili moja mama akaniomba nimsindikize kwa rafiki yake nje kidogo ya mji. Tukapita mbele ya ile shule mpya. Ghala lilikuwa limepakwa rangi ya maziwa, na madirisha ya bweni la wasichana yalikuwa ya kijani. Nilisimama. Kijani kile nilikuwa nimekula nacho meza moja miezi mingi.

Mama naye akasimama, akanieleza pale pale barabarani. Baba hakuwa akilipwa ujira. Alikubaliana na mwenye shule kwamba atapaka majengo yote, ndani na nje, na badala yake mimi nitapewa nafasi hadi kidato cha nne. Alianza kazi mapema mno, kabla mjomba hajaulizwa, na hapo ndipo alipojifunga. Angekiri mbele ya ukoo kwamba amekwisha kuafikiana na watu, ingekuwa ni kuwaambia wakwe kwamba amekuja kuwaarifu, si kuwauliza. Walikubaliana na mama wanyamaze, mjomba akiridhia ndipo niambiwe. "Mficha uchi hazai," mama alisema, akijifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Tulificha, tukakosa." Nilipomwuliza mama ni nini alichofanya baba baada ya mimi kukataa, alisema baba alimaliza kazi. Alikuwa ameahidi. Nafasi alipewa mtoto wa mtu mwingine.

Nilitaka kwenda kwa baba siku ileile nimweleze kwa nini nilijibu vile. Sikwenda. Niliona aibu, kisha likizo ikaisha, na jambo lisiposemwa mapema huota mizizi. Baba hakunipunguzia upendo. Alikuja siku za kutembelea wazazi, akaleta karanga na sabuni. Ila tangu mwaka ule, kila nilipomwomba ushauri wa jambo lolote, kozi, kazi, hata mchumba, alinijibu kwa upole uleule: "Umemwuliza mjomba wako?" Nililichukia sana swali hilo, na nilijua nimelipanda mwenyewe.

Sasa mama hayupo, Mjomba Kobelo hayupo, na baba anaishi nami, macho yake yakiwa na ukungu. Binti yangu Neema amemaliza darasa la saba. Enzi zangu shule zilikuwa mbili na kikao kimoja. Leo shule zenyewe zinatutafuta kwenye simu, zikijisifu kwa mabasi na mabwawa ya kuogelea, na mdogo wangu Gaspari, ambaye ndiye mjomba wa Neema, anatoa rai yake kwa ujumbe wa sauti akiwa kazini Dodoma. Kuchagua kumekuwa kwepesi, kuambiana ukweli bado. Mwezi uliopita nilimpelekea baba chai barazani nikamwuliza Neema aende wapi. Akaniuliza kama nimemwuliza Gaspari. Nikakaa chini, nikamwambia yote: kucha, ngazi, jibu lililokuwa kinywani mwangu, na lile nililolitoa badala yake. Nililia, mtu mzima mimi.

Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka kikombe chini kwa kupapasa.

"Kule bwenini kulikuwa na kitanda cha juu, dirishani," alisema. "Nilikipaka mara mbili. Ukilala pale unauona mlima wa mjomba wako."

Jioni ile nilimwita Neema akae kati yetu. Kabla ya kumwuliza anataka shule ipi, tulimwambia kila kitu.