Kathambi Hafumbi Macho

Dada yangu Kathambi hafumbi macho akiomba. Kama hilo linakukera, kereka tu. Kuna waliokereka kabla yako na hawakufa.

Aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka sita, hapa kwetu Mitunguu. Aliporudi kutoka hospitali ya Embu hakusikia hata radi, na alitembea akiyumba, akishikilia mgomba huu na ule. Daktari alimweleza mama kwamba ugonjwa umeharibu masikio hadi ndani, na huko ndani ndiko mwili unakojulia kusimama wima. Sasa angesimama kwa macho tu. Gizani, au akifumba macho, chini! Nyumbani tulielewa. Hatukuzima taa mpaka awe kitandani.

Kanisani sasa, lo! Watu waliposimama kuomba, Kathambi alifumba macho kama watoto wengine, akaanguka pu! katikati ya mabenchi. Mara ya pili, Mzee Muthamia, aliyefundisha darasa la meza ya Bwana, akatangaza kwamba mtoto ana pepo. Mama akamkataza Kathambi kufumba tena. Basi likawa kosa jingine: eti hamheshimu Mungu. Alipofika miaka kumi na minne, masomo yote ameyashika kwa kunitazama midomo, Mzee akasema hapokei meza mtu asiyefumba macho. Nilitamani kumrushia Biblia.

"Wewe Mzee ulimwonaje, kama yako ulikuwa umeyafumba?" mama alimwuliza.

"Mama Makandi, usinichezee," akasema, akimwita mama kwa jina langu, akaenda zake.

Jumapili ya kupokea, mchungaji alikuja. Kathambi akaingia mstarini bila kuitwa. Mzee akamfuata, akamwonyesha kwa mikono: fumba, au rudi ukakae. Niliogopa kweli. Akifumba ataanguka mbele ya kanisa zima, watu waseme pepo ndiye huyo. Akikataa, atafukuzwa.

Kathambi alimkazia macho. Akasema kwa ile sauti yake kubwa asiyoisikia mwenyewe, "Sifumbi! Ukitaka nifumbe, nishike nisianguke."

Mzee akaficha mikono mgongoni.

Hapo Kathambi akaanza Baba Yetu kwa Kimeru, peke yake, akimtazama Muthamia usoni mwanzo hadi mwisho. Alipofika kwenye kusameheana makosa, Mzee ndiye aliyeinamisha kichwa. Mchungaji hakuuliza mtu. Alimega mkate akampa.

Siku hizi Kathambi analima ndizi zake, na ndiye kiongozi wa akina mama kanisani. Akisema "Tuombe", sisi tunafumba, yeye anatutazama. Hakuna anayethubutu kumwambia kitu.

Mzee Muthamia naye alizeeka, miguu ikamkataa. Jumapili moja alijikokota kwenda kupokea, akiwa amefumba macho kwa kicho kama kawaida yake, akapepesuka. Kathambi ndiye aliyemdaka mkono.

"Fumbua macho, Mzee," akamwambia, kanisa zima likisikia. "Utaanguka."

Akafumbua.