Vitabu vya Likizo ya Juni

Mwalimu wa kwaya wa kambi ya wakimbizi hachagui kitabu cha nyimbo kwa macho tu. Kila likizo ikikaribia huja maktaba ya parokia, Ngara, kuwatafutia vitabu walimu wa muziki anaowaongoza, na Kalista, mtunza vitabu, humwona akisoma noti huku kidole kikipiga mapigo mezani, midomo ikienda bila sauti. Leo kidole kiliganda katikati ya wimbo wa mavuno.

"Huu majirani waliuimba walipokuja kuchoma nyumba yetu."

"Basi tuubandike karatasi, mwalimu."

"Hapana, dada. Wawili kati ya walimu wangu wametoka kijiji chetu kile kile, na sijui kama walikuwamo." Akakiweka kitabu juu ya vile alivyokwisha kuchagua; kidole kikaanza tena. "Likizo ikiisha, kila mmoja ataniimbia kitabu hiki kizima. Nitamtazama atakayeuruka wimbo huu."