Damu Haifukizwi Kama Kibuyu

Siku zile za corona, mwanangu, uvumi ulipanda kutoka Sake hadi kwetu Lushebere haraka kuliko pikipiki: ukipewa damu ya mtu anayekohoa, utaamka ukikohoa kwa sauti yake. Niliuamini wote, hata vile vipande ambavyo hawakunisimulia. Nilikuwa nimemaliza shule ya jioni, nikajiona daktari wa mlima mzima.

Nakumbuka asubuhi ile bibi yangu, yaani mke wangu Mama Furaha, alijifungua vizuri, kisha damu ikakataa kukoma. Hospitali wakapiga simu: apatikane mtu wa kutoa damu upesi. Neema, mdogo wake aliyekuwa naye kule, akajitolea papo hapo. Mimi nikajibu kwenye simu, "Mungoje. Damu ya nyumba hii itatoka kwa mwenye nyumba."

Ila mwenye nyumba alikuwa na kikohozi cha siku tatu, kikohozi cha kufukuza ng'ombe malishoni mpaka Walikale. Akilini nikamwona bibi yangu, mpole vile, amepewa damu yangu, akinguruma kanisani kama mimi. Nifanye nini? Sisi wafugaji tunafukiza kibuyu kwa moshi ili maziwa yasiharibike. Nikawaza, damu na maziwa si ndugu? Nikajifunika blanketi, nikachuchumaa juu ya moshi mpaka machozi yakajaza ndoo mbili.

Nilipofika hospitali, muuguzi Mama Esperansi alinisimamisha mlangoni, akanipa barakoa.

"Papa, unakohoa?"

"Hapana, Mama. Ni moshi tu."

"Moshi gani inakufuata mpaka huku?"

Akanipima homa. Akakitazama kipimo, akanitazama mimi. "Bibi yako iko na lazima ya damu, Papa, hapana nyama ya kukausha kwa moshi. Neema iko wapi?"

Neema alipita mbele yangu bila kunisalimia. Wakaipima damu yake, ikafaa. Kupitia dirishani nilimwona bibi yangu, midomo imekuwa myeupe kama unga wa muhogo, na ujanja wote ukaniisha. Muda wote ule alikuwa akiningoja nimalize kujifukiza. Alipona, Mungu ashukuriwe, na mpaka leo akinikasirikia ananiita Kibuyu.

Basi, mwanangu, ukiitwa kutoa damu, sema kweli kabla hujakalia kile kiti. Ukiwa na kikohozi ao homa, baki nyumbani, umpishe aliye mzima. Na ukiugua baada ya kutoa, wapigie hospitali siku hiyohiyo ili wajue la kufanya na damu yako, usione haya. Mungu akujalie damu nyingi na kiburi kidogo.

Mimi nilipopona kabisa nilirudi kutoa yangu, nikamuuliza Mama Esperansi kwa sauti ya chini kama kikohozi changu kitamfuata mgonjwa. Alicheka mpaka akashika meza, kisha akanieleza polepole.

"Corona na mafua hatujaona zikipita mu damu, Papa. Zinapita mu pumzi. Ile siku ungetukoholea sisi wote, na nani angebaki kuchunga wagonjwa? Tena mwenye homa, hatujue homa yake ni ya nini. Ng'ombe yako ikiwa na homa, unaikamulia watoto?"

"Hapana, Mama."

"Njo vile," akaitikia kwa kichwa. "Unangojea ipone."