Kinundu cha Bi Nukta

Pale idara ya fizikia, chuoni, walimwita Bi Nukta, maana aliwahi kununiana na mwenzake mwaka mzima kwa sababu ya nukta moja ya nyuzijoto, na hata leo anasema haki ilikuwa yake. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye mdomo usio na breki. Kazi yake ilikuwa kupasha moto fuwele, vile vipande ving'aavyo kama chumvi ya mawe, kazi ambayo huwezi kujisifia mbele ya wakwe.

Fuwele zenyewe zina vituko. Chembe zake zimejipanga kama vigae vya bafuni, halafu juu yake linapita wimbi linalozisogeza kidogo, ambalo urefu wake haulingani na vigae hivyo, hata uhesabu mpaka uote mvi.

"Kama mimi na marehemu tukitembea," alizoea kusema. "Yeye hatua ndefu, mimi fupi, tumeshikana mikono, na miguu haikupatana hata siku moja."

Basi huifungia fuwele ndani ya tanuri dogo, akapandisha joto taratibu, huku akipima inavyoipindisha nuru na inavyotunza umeme. Miaka nenda miaka rudi mchoro wa vipimo hivyo ulitoka laini, na hakuna mtu aliyekuja kuutazama.

Ijumaa moja, katikati ya kipimo, simu ikalia: mama yake ameanguka bafuni. Bi Nukta alitoka mbio na koti la maabara mwilini. Alirudi Jumatatu, baada ya kumhamishia mama nyumbani kwake, mkono wa mama umefungwa plasta na ulimi wake mzima kabisa. Akaendelea na kipimo alipoishia.

Wiki ile kwenye mchoro wa umeme kikatokea kinundu. Akatazama nuru, nayo ikayumba kwenye joto lilelile. Hali mpya ya fuwele, ambayo hakuna aliyewahi kuiona! Mkuu wa idara, mtu anayenusa sifa kama nzi anavyonusa kidonda, akaalika wageni kutoka vyuo vingine na kutangaza kwamba hali hiyo itaitwa kwa jina la Bi Nukta. Bi Nukta akajifungia chooni akalia kwa furaha. Aliitaka sifa ile, tusidanganyane, na aliitaka vibaya sana.

Jioni ya kuamkia ugeni alikuwa mezani na mama yake, wanakunywa chai.

"Siku ile ulivyokuja mbio hivyo," mama akasema, "uliacha nini jikoni?"

"Sikuwa nyumbani, mama. Nilikuwa kazini."

"Haya, na huko kazini uliacha nini motoni?"

Bi Nukta akacheka. Kisha akakiweka kikombe chini, akaanza kuhesabu siku kwa vidole.

Aliliacha tanuri likiwaka, kwenye joto lilelile, kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu. Na fuwele za aina hii ukiziweka kwenye joto moja muda mrefu, lile wimbi hunasa kwenye kasoro za ndani. Siku nyingine ukipita kwenye joto lile, fuwele inalikumbuka. Inatoa kinundu. Jambo hilo yeye mwenyewe huwafundisha wanafunzi, tena kwa kuwafokea.

Dawa yake pia aliijua: ipashe moto mpaka wimbi lifutike, fuwele isahau yote, kisha upime upya. Alfajiri alisimama mbele ya tanuri akiitukana fuwele, mkuu, na bafu la mama yake, kwa zamu. Angenyamaza, nani angejua? Akapandisha joto. Mchoro mpya ukatoka laini kama kipara cha mkuu.

Wageni walipofika aliwawekea michoro yote miwili ukutani, akawaeleza. Mkuu akamvuta pembeni.

"Sasa wewe, hukuweza kusubiri waondoke?"

"Kile si kinundu changu, bosi. Ni mama yangu kaanguka bafuni. Nitakipaje jina langu?"

Alisema kwa sauti yake ya kawaida, kwa hiyo ukumbi mzima ulisikia. Wageni wakacheka, wakala biskuti, wakaondoka mapema.

Jioni mama alimtazama mara moja tu akajua kuna jambo. Akadai aelezwe, akaelezwa.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyekuharibia," akasema, sauti imepungua.

"Mama, hata ungeanguka kesho, ningeiacha fuwele motoni vilevile na kuja."

Mama akaupangusa uso kwa mkono wake usio na plasta.

"Basi kesho sianguki," akasema. "Nenda kapime."