Nilimshauri Anunue Kadi ya Kuchoma Kompyuta Yake

Nikubali tu: mimi ndiye niliua kompyuta ya Kendi, na nilikusudia!

Mimi na Kendi tulikuwa tunapiga video za harusi pamoja hapa Kinoru. Siku moja akatoka na wateja wetu wote. Akawaambia ati mimi ni mlevi, nitawaharibia sherehe. Mimi, ambaye hata pombe sijawahi kuonja! Kanisani watu wakaanza kuninusa wakinisalimia. Wueh! Nikaapa huyo msichana atajuta.

Juzi akanipigia simu, sauti tamu kabisa. Kompyuta yake ni ile ndogo ya mezani, ya zamani, na video zilikuwa zinakwama akizihariri. Alitaka kadi ya grafiki ya bei rahisi.

"Wewe ndiye unajua hivi vitu, dadangu. Ninunue gani?"

Nilijua vizuri sana. Kompyuta kama hiyo inataka kadi fupi, isiyokula umeme mwingi, kwa sababu pawa yake, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, ni dhaifu. Nikamtajia limdude la mitumba linalokula umeme kama jiko!

"Kwani itatoshea?"

"Acha kifuniko wazi, uiunge na waya wa diski. Usiogope!"

Waya huo mwembamba hauwezi umeme mwingi hivyo, nami nilijua. Nilikata simu nikicheka peke yangu.

Jumamosi akaja kwangu macho mekundu. Kompyuta ilinuka moshi, ikazima, na diski yenye video zake zote ikaungua nayo. Nikajifanya kusikitika. Moyoni nilikuwa nacheza!

Kisha akasema, "Hata ile ya baba yako imeenda."

"Ya baba yangu? Gani?"

"Ile video akimbariki dada yako, siku ya harusi yake kule Kanja. Nilikuwa naisafisha sauti nikuletee, nikuombe msamaha. Ndiyo maana nilitaka hiyo kadi."

Jamani! Baba tulishamzika. Sauti yake hatuna mahali pengine popote.

Kendi akanikumbatia, akidhani namlilia baba tu. Hadi leo sijamwambia ukweli, na dada yangu nitamwambia nini?

Na bado sijamsamehe kwa ule uongo! Nikimwona njiani, damu inachemka vilevile. Kulipiza hakukunipoza hata kidogo.

Wewe unayempangia mtu ubaya sasa hivi, ukijiona mjanja, ngoja kwanza. Hujui ameshika nini chako mkononi. Mimi sikuuliza, na baba yangu amekufa mara mbili.