Maikrofoni ya Masikio

Kaka yangu ni fundi wa sofa, na jina la Masikio tulimpa sisi nyumbani. Akivuta kitambaa, akigonga misumari, visikio vya simu havimtoki. Wenzake wanasikiliza mpira. Yeye anasikiliza podikasti ya bwana mmoja anayefundisha watu kujitengenezea spika, amplifaya na maikrofoni. Mikono ndiyo inayofanya kazi, kwa hiyo masikio akayapeleka shule. Tulimcheka mpaka tukachoka.

Daktari alipotuambia koo la mama lina saratani, litakatwa na sauti haitarudi, kicheko kikakoma. Zilibaki wiki mbili. Mama hakusoma, hajui hata kuandika jina lake, na alitaka kuwaachia wajukuu maneno. Sauti yenyewe ilishakuwa mkwaruzo. Tukimrekodi kwa simu, tunapata mlio wa mashine ya kusaga ya jirani.

"Niachieni mimi," Masikio akasema. "Natengeneza maikrofoni ndogo, inakaa karibu na mdomo wake, halafu naichomeka kwenye simu."

Akaitengeneza kwa kufuata vipindi, kimoja baada ya kingine. Kasoro yake ni moja: hana subira na salamu. Dakika tano za mwanzo, zenye karibuni na matangazo, aliziruka kila mara. Alipoijaribu, "moja, mbili, tatu" ikatoka safi. Nikamsifu mbele ya mama, naye mama akacheka bila sauti.

Siku moja kabla ya upasuaji Masikio alitutoa sote nje, hata kuku, akabaki na mama. Mama akaongea karibu saa nzima. Masikio akatoka amelowa jasho.

"Imeingia yote," akasema. "Vistari vya sauti kwenye simu vilikuwa vinacheza mpaka mwisho."

Tulisikiliza rekodi mama akiwa bado wodini. Dakika mbili za mama akiomba maji, kisha mngurumo mtupu. Masikio akarudi kwenye podikasti. Mwanzoni mwa kipindi cha tisa, kabla ya matangazo, yule bwana anaomba radhi: kipindi kilichopita alikosea, kapasita, kile kipande kidogo cha kuhifadhi umeme, alifundisha kuifunga kinyume. Mguu mrefu ni wa upande wa chanya. Ukiigeuza itafanya kazi kidogo, halafu itakufa. Nilitaka kumtukana kaka yangu, nikamwona uso, nikaizima simu.

Mama aliporudi nyumbani, bandeji shingoni, Masikio akapiga magoti na kumweleza. Mama hakukasirika. Akamshika sikio, akalivuta taratibu kama alivyomfanyia utotoni, kisha akawanyooshea kidole wajukuu waliokaa mlangoni. Tulimwelewa wote: wewe ulikuwepo, ulisikia, waambie wewe.

Masikio akainamisha kichwa.

"Mama, maneno sikuyasikiliza. Nilikuwa naangalia vistari visishuke."

Mama akaliachia sikio. Akageukia ukutani, na mabega yake yakaanza kutikisika.